Msalaba wa Karani wa Mizani

Otilia Barrón alifaulu mtihani wa hisabati akiwa na miaka arobaini na tatu. Nalisema hili mapema lisije likatusumbua mbele, maana huku Weslaco, mji wa Amerika ulio karibu na mpaka, likitajwa jina lake watu wote hukimbilia hapo hapo: alipasi kweli? Kwa Kiingereza? Ndiyo, alipasi, na kwa Kiingereza, na leo ndiye mpishi mkuu wa shule ya msingi ambayo zamani alikuwa akiisugulia masufuria. Hongera zake. Lakini wanaoshangilia cheti hawana mazoea ya kuuliza mtu alitoa nini ili akipate, na mimi hicho ndicho ninachotaka kukieleza.

Mpishi mkuu wa zamani alipotangaza kustaafu, Otilia aliambiwa nafasi ni yake akileta cheti cha sekondari, kile wanachopewa watu wazima walioacha shule. Kusoma alikuwa anajua, kuandika hakukumsumbua. Hisabati ndiyo iliyomkaa kooni. Alizikwepa namba tangu utotoni. Dukani alimwachia muuzaji ahesabu chenji, wala hakuihakiki. Mumewe alipokuwepo ndiye aliyepima mbao na vitambaa. Alipoondoka na lori lake asirudi, Otilia akawa ananunua vitu vilivyopimwa tayari. Watu walimwona mvivu wa akili. Hawakujua kwamba akianza tu kuzidisha namba mbili kubwa, pua yake ilijaa harufu ya katani mbichi, na nyuma ya harufu ile alisikia mbao zikilia, kwanza polepole, halafu zote kwa pamoja.

Baba yake, Don Eleuterio, alikuwa karani wa mizani kwenye ghala la katani upande wa pili wa mto wa mpakani, Tamaulipas, kwao walikotoka. Kazi yake ilikuwa kupima marobota, kupiga hesabu ya uzito wote, na kusema yapandishwe au yasipandishwe kwenye sakafu ya juu. Sakafu ile ilikuwa ya mbao, na kwenye boriti yake paliandikwa kwa rangi nyekundu: tani nne, basi. Alikuwa mtu mpole, mwenye kujiamini, na chaki haikumtoka sikioni. Hesabu aliifanyia kwenye nguzo ya ghala, mbele ya kila mtu, na akimaliza alichora pembeni msalaba mdogo uliolala, mistari miwili inayokatana. Huo ndio uliokuwa mhuri wake.

Sote tuliosoma shule kwa Kihispania tunaujua msalaba ule. Walimu wetu walitutwanga vidole tukiusahau. Don Eleuterio alimfundisha bintiye akiwa na miaka saba, amemkalisha juu ya robota. Namba ya kwanza, jumlisha tarakimu zake mpaka ibaki moja, iweke kushoto. Ya pili vivyo hivyo, iweke kulia. Hizo mbili zizidishe, jumlisha tena mpaka ibaki moja, iweke juu. Kisha lile jibu lako refu ulijumlishe nalo, uliweke chini. "Ya juu na ya chini zikifanana," alimwambia, "nenda kalale usingizi."

Siku aliyokufa, nguzo ilikuwa na hesabu ya marobota sitini na nane, kila moja kilo sabini na nane. Jibu aliloandika lilikuwa kilo 3,504. Kushoto tano, kulia sita, juu tatu, chini tatu. Zilifanana. Akaamuru yapandishwe yote, naye akakaa chini ya sakafu ile kunywa kahawa pamoja na wapagazi wawili. Saa tisa alasiri sakafu ikawashukia wote watatu. Nguzo haikuguswa, na wiki nzima watu walikuja kuisoma.

Kampuni yenye ghala ikamtuma mtu wake kutoka mjini. Akaitazama nguzo, akasema karani alikosea, mzigo ulikuwa kilo 5,304. Bi Casimira, mjane, akamjibu mbele ya umati kwamba kampuni hazijawahi kukosea tangu dunia iumbwe, wanaokosea siku zote ni maiti. "Msalaba umekubali," alisema. "Sakafu yenu ndiyo iliyooza." Wengine walitaka kucheka, wakajizuia kwa sababu mama wa mpagazi mmoja alikuwa amesimama pale pale. Haukupita muda nyumba ya Bi Casimira ikaanza kupigwa mawe, na kabla mwaka haujaisha, mama na mtoto walikuwa wameshavuka kuja huku Bondeni, upande wa Amerika wa mto, kuvuna vitunguu.

Sasa mtu ataniuliza: hawa watu walishindwa nini kuzidisha tena? Sitini na nane mara sabini na nane, mtoto wa darasa la nne anaiweza. Ndiyo maana hasa hawakuifanya. Bi Casimira aliipiga marufuku. Kuirudia kulikuwa sawa na kumshitaki marehemu. Na Otilia, aliyekuwa na miaka tisa wakati ule, aliogopa namba zote ili asije akaikuta ile moja. Waliijua kwa moyo kama Salamu Maria, wakaisali hivyo kwa miaka zaidi ya thelathini.

Waliisali kweli, sisemi kwa utani. Kila siku ya wafu Bi Casimira aliandaa meza sebuleni: picha ya marehemu, glasi ya maji, kahawa ya mdalasini, sigara mbili, chapati nene za mahindi zilizojazwa maharage. Katikati ya kitambaa alichora msalaba wa hesabu kwa petali za maua ya njano ya wafu, na tarakimu zake nne akazipanga kwa punje za maharage meusi. Majirani walidhani ni mambo ya kanisa la kwao. Ikifika saa tisa mishumaa iliwashwa, mlango ukafunguliwa, marehemu akaingia, na hapo hapo mama akaufunga na kutia komeo.

Otilia alilichukia komeo lile. Tangu utotoni alihisi kwamba baba yake haji peke yake. Kuna watu walibaki nje, kwenye ngazi ya mbao, na vumbi la katani mabegani, wakingoja kuitwa, na hakuna aliyewaita. Aliwahi kumwambia mama yake mara moja tu. Alipigwa kofi, na jambo lile halikuzungumzwa tena.

Basi hiyo ndiyo nyumba aliyotoka asubuhi ya Jumamosi, mwezi wa nane, akiwa amevaa blauzi yake ya misa, kwenda kuanza masomo kwenye ukumbi wa parokia.

"Huyo mwalimu ni Mwamerika mwenyewe, au ni mmoja wetu anajifanya?" aliuliza Bi Casimira kutoka kwenye kiti chake.

"Mwamerika, mama. Anaitwa Mis Pruitt."

"Na hesabu anazijua?"

"Si ndiyo kazi yake."

"Basi mpe ile ya baba yako." Bi Casimira alikuwa amekaribia miaka themanini, moyo wake ulikuwa unamwendea kombo, na daktari aliyekuwa akimtania siku zote alikuwa ameacha utani. "Nataka aisahihishe yeye, kwa Kiingereza chao hicho. Akisema sawa, imekuwa sawa, nani atabisha? Mimi karibu nitamwona Eleuterio. Akiniuliza, 'Mira, umenisafishia jina?' unataka nimjibu nini? Kwamba nilikuwa navuna vitunguu?"

"Nitamwuliza, mama."

"Usiniambie nitamwuliza vile unavyoniambia utapaka mlango rangi."

Darasani walikuwa watu wazima watupu: wasafisha nyumba, madereva, mama mmoja mwenye kibanda cha vyakula, na fundi wa paa aitwaye Abundio ambaye mdomo wake haukujua likizo. Kilichowashinda zaidi ilikuwa safari ya zile namba. Swali linakuja kwa Kiingereza, unalibeba kichwani unalipeleka kwenye Kihispania, unazidisha huko kwa wimbo ule ule wa shule ya msingi, kisha unalirudisha jibu. Ukifika, Mis Pruitt ameshahamia swali jingine.

"Mis, subiri kidogo," alisema Abundio. "Jibu langu bado liko mpakani, wanalikagua."

Mis Pruitt, mama mrefu mstaafu mwenye sauti ya upole, alingoja atafsiriwe ule mzaha, akacheka kwa kuchelewa kuliko wote. Darasa likampenda.

Kisha akawafundisha kukadiria. Kabla hujazidisha, alisema, isogeze kila namba kwenye kumi iliyo karibu, uone jibu lako litaangukia wapi. Wanafunzi walitazamana. Kwetu mtu akikadiria kwenye mtihani anakula sifuri na barua kwa mzazi.

"Mis, mimi nikikadiria paa, mvua inaingia ndani," alisema Abundio.

Otilia ndiye aliyeudhika kuliko wote. Baba yake hakupenda mtu wa kusema "kama" na "hivi". Akafanya zoezi lake la nyumbani kwa njia aliyoijua, akavumilia ile harufu ya katani hadi mwisho, akachora msalaba kando ya kila jibu, na Jumamosi iliyofuata akapeleka daftari kifua mbele. Mis Pruitt akazungushia moja duara jekundu. Thelathini na nane mara sitini na mbili: Otilia alikuwa ameandika 3,256.

"Hili si sahihi, Otilia."

"Lakini msalaba umekubali, Mis."

"Msalaba gani?"

Abundio akainama juu ya meza. "Kweli umekubali, Mis. Saba juu, saba chini. Mimi shahidi, niite hata mahakamani."

Namsifu yule mama kwa jambo moja: hakuudharau msalaba. Alivuta kiti, akataka aelezwe kila tawi, akaujaribu mwenyewe, akafurahi kama aliyepewa peremende. Ndipo akauliza, "Thelathini na nane iko karibu na ngapi?"

"Arobaini."

"Na sitini na mbili?"

"Sitini."

"Arobaini mara sitini?"

"Elfu mbili mia nne," alisema Otilia, na akaona.

"Na wewe una elfu tatu na ushee. Haiwezekani." Mis Pruitt akaandika jibu sahihi chini ya lile la kwanza: 2,356. "Angalia, ni tarakimu zile zile. Mbili na tatu zimebadilishana viti. Msalaba wako unajumlisha tu, haujali nani kakaa wapi. Una swali?"

Hapo ndipo pa kutoa ile hesabu ya baba yake. Ilikuwa ulimini. Otilia akafunga daftari, akasema hana swali.

Majuma yale alimdanganya mama yake kwa zamu. Mis anaumwa. Mis ana haraka. Mis amesahau miwani. Bi Casimira hakuamini hata moja, ila alizidi kuuliza, na kila akiuliza sauti yake ilikuwa imepungua kidogo. Otilia alikuwa na hofu ya kweli sasa. Alijua kwamba ile hesabu ingeweza kukadiriwa kwa pumzi moja, na alijikataza. Namba nyingine zote alizikadiria, na kwa Kiingereza, kwa kuwa ndivyo alivyofunzwa. Trei ishirini na tisa, thelathini. Machungwa hamsini na mawili, hamsini. Ajabu ni kwamba namba za Kiingereza hazikunuka. Hazikuwa na katani wala mbao. Akaanza hata kuzipenda, masikini, akicheza nazo siku nzima huku anapakua maharage.

Siku moja ya mwezi wa kumi lilishushwa boksi la maziwa ambalo mtu alikuwa ameliandika ubavuni, kwa kalamu nzito, 68. Sabini, ilisema akili yake. Na kabla hajaishika, sabini ikamwita themanini. Elfu tano mia sita.

Ilikuja kwa Kiingereza. Kwa Kihispania angeizuia mlangoni. Mpaka leo anaamini kwamba akili yake ilitafuta lugha ambayo Don Eleuterio asingeisikia.

Alishika ukingo wa meza. Elfu tano mia sita, na sakafu ilikuwa ya tani nne. Akasogea penye unga uliomwagika, akaifanya yote kwa kidole, taratibu, na harufu ikaja, na mbao zikaja, akazivumilia. 5,304. Akachora msalaba. Tano, sita, tatu, tatu. Akaufuta unga kwa kiganja, akaenda chooni akalia.

Alilia kwa hasira. Baba yake angalikuwa mlevi au mzembe, Otilia angalimsamehe zamani. Lakini alimpenda kwa ule usahihi wake, kwa chaki yake, kwa kule kumwambia nenda kalale usingizi. Na sasa aliona kwamba wale watu wa kwenye ngazi walikuwa na haki ya kusimama pale, na kwamba yeye na mama yake walikuwa wakiwafungia mlango kila mwaka kwa kutumia kosa lile lile lililowaua.

Siku ya wafu ikafika. Bi Casimira hakuweza tena kuinama, kwa hiyo Otilia alimwaga petali na mama akapanga maharage kutoka kwenye kiti. Tano. Sita. Tatu. Tatu. Kahawa ilikuwa tayari. Ilibaki robo saa ifike saa tisa.

"Haya," alisema mama. "Leo hunikimbii. Mwamerika wako amesemaje?"

Otilia alikuwa ameshauandaa uongo wake. Ulikuwa mfupi, ungemfaa mgonjwa, na hakuna padri ambaye angemlaumu: amesema ni sawa. Alifungua mdomo autoe, na nje ngazi ya mbao ikalia, polepole, kama inavyolia mtu akihamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine kwa sababu amesimama sana.

"Sikumwuliza," alisema. "Nimeifanya mwenyewe."

"Nani alikutuma?"

"Ni elfu tano mia tatu na nne, mama."

"Hiyo ni namba ya kampuni."

"Ndiyo namba yenyewe."

"Msalaba si huu hapa! Tatu juu, tatu chini. Au huko wanakufundisha upofu?"

"Msalaba unakubali zote mbili, mama. Ya baba na ya kampuni. Jumlisha. Tano, tatu, sufuri, nne."

Midomo ya mama ikacheza. Kidole chake kilitembea juu ya kitambaa, kikafika kumi na mbili, kikafika tatu, kikarudi kuanza upya. Otilia alitamani mno akosee. Hakukosea.

"Mwanaharamu wewe," alisema Bi Casimira, lakini bila nguvu. "Umri wote huu chenji imekushinda, leo ndiyo umejua hesabu." Kisha uso wake ukavunjika, akalia kwa sauti ambayo Otilia hakuisikia hata siku ya mazishi. Alipiga paja lake kwa ngumi. Otilia alimshika ule mkono, naye akaunyang'anya.

Mama akasema, akiitazama picha, "Alikuwa hajalala. Usiku ule wewe ulikuwa na homa, hukutaka kwenda kwa mtu mwingine. Alikubeba begani mpaka kukakucha, akanywa kahawa, akaenda kazini."

Otilia hakuwahi kuambiwa hivyo. Labda mama hakukusudia kumwumiza, na labda alikusudia. Otilia alilipokea neno lile, likaingia mahali ambapo liko mpaka leo. Mwulize kwa nini hujitolea kukesha na watoto wagonjwa wa majirani, atakwambia hana usingizi.

"Wale wawili," alisema mama. "Walikuwa wanaitwa nani?"

"Unawajua, mama."

"Nakuuliza wewe."

"Fidencio Rangel," alisema Otilia. "Na Crispín, mtoto wa Bi Ubalda."

Majina yale hayakuwahi kutamkwa ndani ya nyumba ile. Bi Casimira aliyasikiliza hadi mwisho.

"Walikuwa wanapenda kula nini?"

"Sijui."

"Hata mimi sijui. Waletee maji basi. Maji hayakataliwi na mtu."

Otilia akaleta glasi mbili, akaziweka kando ya ile ya baba yake, akawasha mishumaa. Saa ya ukutani ikagonga tisa. Alifungua mlango, akahesabu muda wa mtu mmoja kuingia, na kwa mazoea mkono wake ukalifuata komeo.

"Liache," alisema mama.

"Upepo utazima mishumaa."

"Utaiwasha tena. Una kazi gani nyingine?"

Ngazi ikalia, kisha ikalia tena. Bi Casimira alikishika kiti chake kwa mikono miwili, akakisogeza nyuma kidogo, ili wapate pa kupita.